Huyu Ni Nani? Injili za Mwaka wa Kanisa Zinavyosikika Butembo na Beni

Mhadhara kwa makatekista na wazazi, Butembo, Novemba 2025



Mwaka wa Kanisa ulipangwa na watu walioishi mbali na ikweta. Noeli iliwekwa wakati jua la kwao limedhoofika na siku zinaanza kurefuka tena. Pasaka iliangukia miezi ambayo miti yao hutoa majani mapya. Mtu wa huko akisikia kwamba mwanga umeingia ulimwenguni, anga la kwake linamsaidia kuelewa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Desemba jua linatuchomozea karibu saa ile ile linayochomoza Juni, na usiku na mchana hugawana siku nusu kwa nusu mwaka mzima. Baridi ya Butembo inaletwa na milima, haijui Majilio wala Kwaresima. Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, viazi na maharagwe huzifuata, nazo hazifuati rangi ya kasula ya padri.

Ndiyo maana nasema kwamba kwetu sisi majira ya Kanisa hayabebwi na anga. Yanabebwa na visa. Ukiondoa masimulizi ya Injili, Majilio ya Butembo hayana tofauti na wiki nyingine yoyote ya mwezi wa kumi na mbili, na Pasaka ni siku ya kula nyama tu, kwa wale wenye uwezo wa kuinunua. Kinachotuambia kwamba tumeingia majira mengine ni kisa kinachosomwa, na kisa hicho kila mara kinajibu swali moja: huyu Yesu ni nani?

Watoto wetu wa mafundisho wanajua jibu kwa moyo. Ukiwauliza wanakujibu kwa sauti moja: Mwana wa Mungu, aliyefanyika mtu, akafa, akafufuka. Jibu hilo ni la kweli na wasiliache. Lakini Injili haikuanza na jibu. Ilianza na watu waliomwona akifanya hiki na kukataa kile, wakaulizana wao kwa wao. Kanisa likachukua masimulizi yao likayatandaza katika mwaka mzima, ili tumjue jinsi wao walivyomjua: pole pole, kwa mshangao, na mara nyingine kwa hofu.

Mpangilio tunaoutumia leo ulitokana na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ukaanza na Majilio ya mwaka 1969. Unazunguka miaka mitatu. Mwaka A tunakwenda na Mathayo, mwaka B na Marko, mwaka C na Luka, na Yohane anasikika hasa katika Kwaresima na kipindi cha Pasaka. Makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani yana mpangilio ulio karibu na huu tangu 1992. Jambo ninaloomba tulishike ni hili: padri hachagui Injili ya siku ya Mungu kwa kutazama yaliyotokea wiki ile. Injili imekwisha kupangwa. Inafika kwa zamu yake, iwe tuna harusi au tuna matanga, iwe barabara ya Oicha iko wazi au imefungwa. Hatupewi nafasi ya kumchagua Yesu tunayemtaka kwa siku hiyo. Katika nchi hii ya Beni na Butembo, kwa miaka mingi sasa, zamu hizo zimekutana na mambo ambayo mtu hawezi kuyapanga. Nataka tuyatazame machache, kwa sababu naamini yametufundisha Yesu ni nani kuliko vitabu vingi.

Nianze na Noeli ya mwaka 1999. Monsenyeri Emmanuel Kataliko hamhitaji kujulishwa. Alikuwa askofu wetu tangu 1966 hadi 1997, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989 katika uongozi wake. Kisha akatumwa Bukavu kuchukua kiti cha Monsenyeri Christophe Munzihirwa, aliyeuawa Oktoba 29, 1996. Noeli hiyo ya 1999 Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na Kataliko aliwaandikia waamini wake barua. Aliwafariji kwa maneno yanayotoka kwa nabii Isaya, kisha akataja wazi vita, uporaji wa mali ya nchi, nguvu za kigeni na Wakongomani wanaozitumikia. Februari 12, 2000 alizuiwa kurudi Bukavu, akaletwa huku Butembo kama mtu aliyefukuzwa. Kwaresima na Pasaka ya mwaka ule alizifanya katikati yetu. Alirudi Bukavu Septemba, na Oktoba 4 ya mwaka huo huo akafariki Roma.

Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba aliingiza siasa katika Noeli. Nawaomba wasome tena kisa chenyewe. Luka anaanza habari ya kuzaliwa kwa Yesu na amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu. Mama mwenye mimba anatembezwa kwa sababu ya karatasi za serikali. Mathayo anamleta Herode, mtawala aliyeogopa mtoto mchanga hata akaua watoto wa Bethlehemu. Kabla ya mauaji hayo familia inakimbia usiku kuvuka mpaka. Kisa hiki Kanisa halikukificha, limekipa siku yake, Desemba 28, watoto wa pango wakiwa bado wanaimba. Siasa imo ndani ya Noeli tangu mstari wa kwanza. Kataliko alisoma tu kilichoandikwa. Mama wa Eringeti au wa Mbau aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani hadi Beni, au aliyevuka Kasindi kwenda Uganda, hahitaji mhubiri wa kumwelezea safari ya Misri. Yeye ndiye angeweza kutuhubiria.

Basi jibu la kwanza la mwaka wa Kanisa ni kwamba Yesu ni mtu aliyeanza maisha akiwa mkimbizi. Hakuja kwetu kama mgeni wa heshima anayetembelea kambi na kuondoka kabla ya jioni.

Sasa niruke hadi mwaka 2021, katika kile tunachokiita Kipindi cha Kawaida. Jina hilo huwadanganya watu, wanadhani ni majira yasiyo na kitu. Mwaka ule ulikuwa wa Marko. Tangu Mei 6 jimbo letu la Kivu Kaskazini na lile la Ituri yalikuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Dominika ya Juni 20 ilisomwa habari ya dhoruba ziwani: Yesu amelala katika mtumbwi, wanafunzi wanamwamsha wakimlaumu kwamba hajali, upepo unatulia, nao wanabaki wanaogopa zaidi ya walivyoogopa mawimbi, wakiulizana huyu ni nani. Hapo Injili ikakoma, watu wakarudi nyumbani na swali.

Dominika iliyofuata, Juni 27, mapema asubuhi, bomu lililipuka ndani ya kanisa la parokia ya Emmanuel-Butsili mjini Beni, kabla ya Misa ambayo watoto walikuwa wanasubiriwa kupokea Kipaimara. Wanawake wawili walijeruhiwa. Kama bomu lingechelewa kidogo, tungekuwa tunahesabu watoto.

Na Injili iliyopangwa kwa Dominika hiyo, miaka mingi kabla, ilikuwa Marko sura ya tano: wanawake wawili. Mmoja ni msichana wa miaka 12, binti ya Yairo, anayekaribia kufa. Mwingine ni mama aliyetoka damu kwa miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga. Sisemi kwamba Mungu alipanga bomu likutane na kisa. Mungu hapangi mabomu, na yeyote anayefundisha hivyo anamsingizia. Ninachosema ni kwamba kisa kilikuwa pale, tayari, kikisubiri watu wenye hofu.

Tukitazame kwa karibu. Yairo ni mkubwa wa sinagogi, ana haraka, binti yake anakata roho. Yesu anakubali kwenda. Njiani, katika msongamano, mama yule anagusa vazi lake kwa siri. Na Yesu anasimama. Wanafunzi wanashangaa, Yairo bila shaka moyo unamwaka moto, lakini yeye amesimama anamtafuta aliyemgusa, mpaka mama anajitokeza akitetemeka na kusema yote. Marko anaandika kwamba alisema ukweli wote. Miaka 12 ya aibu inachukua muda kusimulia. Yesu alisikiliza hadi mwisho, akamwita binti. Alikuwa bado anasema naye watu walipofika kumwambia Yairo asimsumbue mwalimu, mtoto amekwisha kufa.

Hapa ndipo Marko anamwonyesha Yesu kwa namna ambayo fundisho la kukariri haliwezi. Yesu ni yule asiyekubali mtu mmoja asikilizwe kwa kumruka mwingine. Mkubwa wa sinagogi na mama asiye na kitu wanapata muda sawa. Akifika nyumbani kwa Yairo anawatoa nje wapiga kelele wote, anabaki na wazazi na wanafunzi watatu, anamshika mtoto mkono, anamwinua. Kisha anasema jambo dogo ambalo wahubiri wengi hulipita: mtoto apewe chakula. Aliyetuliza bahari anakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Mimi naamini kwamba katika sentensi hiyo umo umungu wake kama ulivyo katika kutuliza dhoruba. Makatekista mnaopokea watoto waliotoka porini au waliopoteza wazazi, msianze na sala ndefu kabla ya uji.

Kuhusu Kasindi nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jeraha lake ni bichi kwa wengi waliomo humu. Januari 15, 2023 bomu liliua watu zaidi ya 10 katika kanisa la ndugu zetu Wapentekoste, siku ya ubatizo. Siku hiyo hiyo katika parokia zetu ilisomwa habari ya Yohane Mbatizaji akimwonyesha Yesu kuwa ndiye Mwanakondoo wa Mungu. Katika kisa kile Yohane anakiri mara mbili kwamba hapo kwanza hakumjua. Alimjua majini, katika ubatizo. Wao walikuwa majini, sisi tulikuwa tunasoma habari za maji hayo hayo. Tangu siku hiyo sioni ni kwa uso gani Mkatoliki wa Beni anaweza kusema kwamba Yesu wa Mpentekoste ni mwingine.

Lakini baada ya kila msiba wa namna hii huja swali lingine, na hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa leo. Watu wanauliza: walikosa nini? Nimelisikia matangani, nimelisikia sokoni, na inaniuma kusema kwamba nimelisikia hata kwenye mimbari. Kwamba Beni inachinjwa kwa sababu ya dhambi za Beni. Kwamba Ebola ilikuwa fimbo. Kwamba waliouawa shambani katika kakao zao walikuwa na jambo.

Swali hili Kanisa limelipa Dominika yake. Ni Dominika ya tatu ya Kwaresima katika mwaka C, Luka sura ya 13, nayo huturudia kila baada ya miaka mitatu: 2016, 2019, 2022, na 2025, Machi 23. Watu wanamletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa sadaka, damu yao ikachanganyika na damu ya sadaka zao. Yaani watu waliouawa wakisali. Yesu anawauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosefu kuliko Wagalilaya wengine wote. Anajibu mwenyewe: hapana. Kisha yeye mwenyewe anaongeza msiba mwingine ambao hawakumwuliza, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anajibu tena: hapana.

Ndugu zangu, hapana hizo mbili zimo ndani ya Injili. Hazikuwekwa na mwanasaikolojia wala na shirika la misaada. Yesu anatofautisha kifo kinacholetwa na mkono wa mtawala na kifo kinacholetwa na ajali, na katika vyote viwili anakataa kumhukumu marehemu. Halafu anawageukia wanaouliza na kuwaambia watubu wao. Wito wa toba unawaendea walio hai, wale waliosimama wakitafuta kosa la wafu. Na ili wasikate tamaa, anawapa kisa cha mtini usiozaa, ambao mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia mbolea.

Yapo mambo mawili nayaomba kwenu hapa. Kwanza, Dominika hiyo ikifika tena msiikwepe, wala msiharakie mtini mkawaacha Wagalilaya. Pili, msingoje Kwaresima. Usiku wa kuamkia Septemba 9, 2025 watu zaidi ya 60 waliuawa wakiwa matangani huko Ntoyo, katika teritwari ya Lubero. Waliokuwa wanalia mfu wakawa wafu. Mtu akikuuliza walikosa nini, mjibu kama Yesu alivyojibu. Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988, ina hekima inayosaidia hapa: toba inakuja baada ya Injili na mahubiri. Kwanza tumsikie yeye ni nani, ndipo tujue tutubu nini. Wengi tumeugeuza mpangilio huo, tunawadai watu toba kabla hatujawasimulia lolote.

Katika Kwaresima hizo hizo za mwaka C imo Dominika ya Matawi ya Machi 20, 2016. Asubuhi tuliimba hosana na matawi mkononi. Usiku wake Padri Vincent Machozi, wa shirika la Waasumpsioni, mtoto wa nchi hii aliyekuwa ametumia miaka mingi kuandika na kutangaza mauaji ya Beni na Lubero, aliuawa kwa risasi na watu wenye silaha huko Vitungwe, Isale. Dominika ya Matawi ina Injili mbili katika Misa moja, ile ya shangwe na ile ya mateso. Na katika somo la mateso mara nyingi sisi waamini ndio tunaopewa sauti ya umati, sauti inayotaka asulubiwe. Vijana wengi hawaipendi sehemu hiyo, wanasoma kwa midomo iliyofungwa nusu. Nawaomba wasome kwa sauti. Ni vizuri kuijua sauti hiyo katika kinywa chako mwenyewe, ili siku utakapoisikia barabarani, watu wakimzunguka mtu na matairi na petroli kwa tuhuma tu, uitambue.

Sasa niende kwenye miaka ya Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Agosti 1, 2018 kutokea Mangina, ukatangazwa kwisha Juni 25, 2020. Wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Katwa yetu na Butembo ziliumia sana mwanzoni mwa 2019. Kwenye milango ya makanisa tuliwekewa ndoo za maji ya klorini. Tuliacha kupeana mikono ya amani. Na kulikuwa na jambo moja lililokuwa zito kuliko yote: tulikatazwa kuosha maiti za watu wetu. Waliovaa mavazi meupe ya kujikinga walikuja na mfuko, wakamchukua mama, wakamzika. Wataalamu walikuwa na haki, maana mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaua. Lakini kwetu mtu ambaye hakuoshwa na binti zake ni kama amefukuzwa nyumbani. Uchungu huo ulichanganyika na uvumi, na hasira za miaka mingi ya kuuawa bila kutetewa, na uchaguzi wa Desemba 2018 ambamo Beni na Butembo ziliondolewa. Vituo vya matibabu vikashambuliwa. Siku ya Ijumaa Kuu, Aprili 19, 2019, Dokta Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kututibu kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi akiwa kikaoni katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo.

Ijumaa Kuu husomwa mateso kadiri ya Yohane. Ukilisikiliza somo lile kwa sikio la mwaka ule, utasikia mwishoni habari ambayo miaka mingine inapita. Yesu alizikwa haraka. Sabato ilikuwa inaingia. Watu wawili, Yosefu wa Arimathaya na Nikodemo, ndio waliomshusha na kumfunga sanda kwa manukato, na kaburi likachaguliwa kwa sababu lilikuwa karibu. Mama yake alikuwa karibu na msalaba, lakini katika mazishi Yohane hamtaji. Na katika Mkesha wa Pasaka wa mwaka ule, siku moja tu baadaye, ilikuwa zamu ya Luka: wanawake wanakwenda kaburini alfajiri na manukato waliyoyatengeneza. Kwa nini walikwenda? Kwa sababu kazi haikuwa imekwisha. Walitazama jinsi alivyolazwa, sabato ikawazuia, wakangoja, wakarudi kufanya kile ambacho hawakuruhusiwa.

Mama wa Katwa, wewe uliyesimama mbali ukitazama mfuko ukishushwa, Injili ya usiku ule ilikuwa yako. Wale wanawake walikuwa na huzuni yako, nao walibeba manukato ambayo hayakutumika. Habari kwamba ameishinda mauti ilitolewa kwanza kwao, wao walionyimwa kumhudumia marehemu wao, na mitume waliiona kama upuuzi. Sijui mahali pengine duniani ambapo kisa hicho kingeweza kueleweka kwa undani kama kilivyoweza kueleweka Butembo katika Pasaka ya 2019. Nasikitika kwamba wengi wetu tuliohubiri na kufundisha wiki ile tulikuwa na mambo mengi ya kutangaza kuhusu kunawa mikono, hatukuwaambia mama zetu habari hiyo.

Kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka kuna Jumamosi Kuu, ambayo mchana wake hauna Misa. Altare iko wazi, tabernakulo iko tupu. Siku hiyo mimi huwakumbuka mapadri watatu Waasumpsioni waliotekwa Mbau Oktoba 19, 2012: Jean-Pierre Ndulani, Anselme Wasukundi na Edmond Bamutute. Hawajarudi. Familia nyingi za Beni zina mtu wa namna hiyo, ambaye huwezi kumfanyia matanga wala kumwekea sahani mezani. Kanisa linajua kwamba kuna siku ya hivyo, na limekataa kuijaza maneno.

Na Pasaka inapofika, Yesu anayefufuka bado ana matundu ya misumari. Dominika ya pili ya Pasaka, katika miaka yote mitatu, tunasomewa habari ya Tomaso. Kanisa lingeweza kuibadilisha mwaka hadi mwaka, halikufanya hivyo. Aliyefufuka anatambulika kwa makovu yake. Februari 1, 2023, Papa Fransisko alipokutana Kinshasa na watu walioumizwa na vita vya Mashariki, kijana kutoka upande wetu aliyemwona baba yake akiuawa aliweka chini ya msalaba wa Kristo panga linalofanana na lile lililomwua. Wengine wakaweka vitu vya mateso yao. Yule kijana hakuwa na haja ya kufundishwa theolojia ya majeraha. Ndiyo maana ninakuwa mkali kwa mahubiri yanayomtangaza Yesu wa ushindi tu, anayefuta kila kovu kwa mkesha mmoja wa maombi. Yesu huyo hayumo katika Injili ya Tomaso, na watu wetu wakimtafuta wasimpate, wanadhani wao ndio wenye kasoro.

Dominika hii, Novemba 23, ni Kristo Mfalme, na mwaka C unafungwa. Injili yake ni ya Luka: mfalme yuko msalabani, mwenzake wa kumjibu ni mhalifu, na ahadi pekee anayoitoa kama mfalme anampa huyo. Sina mengi ya kuongeza. Wenye silaha wanaotuzunguka, kila mmoja na jina lake na bendera yake, wanatuambia mfalme ni nani kwa jinsi anavyoua. Luka anatuambia kwa jinsi anavyokufa.

Novemba 30 tunaanza mwaka A, tunarudi kwa Mathayo. Nataka mjiandae kwa Dominika ya tatu ya Majilio, Desemba 14, Dominika ya furaha. Kisa chake kinatoka gerezani. Yohane Mbatizaji, yule aliyemtangaza Yesu majini, amefungwa na Herode mwingine, si yule wa Noeli, na anatuma watu kuuliza kama Yesu ndiye yule waliyemngoja au wamngoje mwingine. Swali hilo linatoka kwa nabii mkubwa, na Yesu hamkemei. Anawaambia wajumbe wamrudishie Yohane yale wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Mengi ni maneno ya Isaya. Lakini Isaya alikuwa ametaja pia kufunguliwa kwa wafungwa, na katika orodha ambayo Yesu anampelekea mfungwa, hilo halimo. Yohane hakutoka. Tutaisoma habari hiyo Dominika ya furaha, katika Beni na Butembo, mbele ya watoto wenye baba waliotekwa, na mtoto mmoja atanyoosha kidole aulize kama Yohane alifunguliwa. Mwambieni ukweli, kwamba aliuawa humo gerezani. Kisha mwonyesheni sura ya 14 ya Mathayo huyo huyo, pale Yesu alipopata habari: alipanda mtumbwi akaenda peke yake mahali pasipo na watu, umati ukamfuata kwa miguu kando ya ziwa, akawaona, akawahurumia, akaponya wagonjwa wao, na jioni ilipofika akawapa mkate.